Nyasi Juu ya Sakafu ya Mvule

Nimetengeneza upya ndani ya majengo mengi ya kale ya elimu. Mengine yako Uswidi nilikosomea, kwenye chuo kikuu chenye kumbi zilizojengwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Nimenyoosha dari zilizolala, nimebandua lipu iliyooza na kupiga mpya bila kugusa picha iliyochorwa pembeni yake, nimerudishia milango rangi ambayo hakuna aliye hai aliyekuwa ameiona. Wazungu wenyewe walikuwa wakiita wenzao waje kutazama mikono yangu. Lakini kazi ninayoikumbuka kwa raha kuliko zote ni ukumbi mmoja wa chuo cha zamani cha misheni kwetu Muleba, juu ya kilima ambacho ukisimama barazani, siku isiyo na ukungu, unaliona ziwa. Raha hiyo haikutokana na ukumbi peke yake. Kulikuwa na mtu ndani yake.

Msomaji ambaye hakukulia Buhaya lazima aelezwe jambo moja kwanza. Zamani, kabla serikali yetu haijaufuta utaratibu huo, kulikuwa na ardhi ya nyarubanja. Migomba umepanda wewe, mibuni umepanda wewe, kaburi la babu yako limo humo kibanjani, shambani mwako, lakini ardhi ni ya mkubwa mmoja, na wewe ni mtwarwa wake. Ulimpelekea rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla wewe mwenyewe hujaionja. Ulimpelekea mkungu ulio mzuri ukabaki na ule uliopigwa na upepo. Na kila alipotarajia mgeni, ulikwenda rweya, kule uwandani, ukakata nyasi ukazileta kichwani, ukazitandaza sakafuni kwake, maana kwetu nyumba isiyo na nyasi mpya siku ya mgeni ni nyumba isiyo na heshima. Baba yangu alikuwa mtwarwa. Nalisema wazi, kwa sababu aibu hiyo si yangu.

Nilipomaliza darasa la nane, katika miaka ya mwisho ya Waingereza, niliitwa usaili kwenye chuo kile cha kilimani. Baba akanisindikiza, amevaa kanzu yake ya kanisani. Padri mmoja alitupokea akatuingiza ukumbini, akatuambia sisi vijana tukae kwenye viti. Nikakaa. Sikuwa nimewahi kuona chumba kama kile. Dari ilikuwa ya mbao zilizounganishwa bila msumari kuonekana, kuta zilikuwa na chokaa nyeupe iliyosuguliwa mpaka inateleza, na chini kulikuwa na sakafu ya mvule, ubao kwa ubao, imetulia kama maji ya asubuhi. Nilikuwa bado nimeinua shingo nikitazama dari wakati mwalimu mmoja kijana alipoingia. Wenzangu waliotoka kijiji kimoja nami wakainuka. Mimi sikumwona.

Alikuwa mtoto wa mkubwa wetu wa nyarubanja. Alikuja mpaka mbele yangu, akamgeukia baba.

"Huyu si mtoto wenu?" akamwuliza kwa Kihaya.

"Ni yeye, waitu," baba akajibu kwa neno letu la kumwita mkubwa.

"Tangu lini mnakaa nami nimesimama?"

Baba akapiga magoti pale pale. "Msamehe, waitu. Ni mtoto, hajui."

Yule mwalimu akamgeukia padri, akamweleza kwa Kiingereza chake kizuri kwamba mimi ninajulikana kijijini kwa uvivu na ukaidi, na kwamba nafasi nitakayopewa itapotea bure. Padri hakuwa na sababu ya kutomwamini mwalimu wake. Kisha yule mwalimu, kwa Kihaya, ili tusikie sisi wawili, akamalizia: "Arudi akakate nyasi."

Akaondoka. Hakumwambia baba ainuke, na baba hakuinuka. Usaili wa wengine ukaendelea, wakaitwa mmoja mmoja, na baba yangu amepiga magoti juu ya zile mbao, kanzu yake imemkunjamana miguuni, mpaka padri alipomwona na kumshika mkono. Njiani kurudi alinitangulia, akikung'uta kanzu. Mimi nilikuwa nimeshaamua kuondoka.

Nilivukia mpakani Mutukula nikiwa kwenye lori la ndizi, nikaenda Kampala. Huko nilibeba udongo, nikakoroga chokaa, nikajifunza kushika mwiko kwa kumtazama Mhindi mmoja aliyekuwa akinifukuza kila nilipomkaribia. Usiku nilisoma. Baba alifariki hospitalini Rubya nikiwa huko, na habari zikanifikia akiwa ameshazikwa. Uhuru ulipokuja nilirudi nchini, na serikali mpya ilipotafuta vijana wenye ufundi wa kupeleka nje, walitazama kazi yangu, wala hawakuniuliza baba yangu alikuwa mtwarwa wa nani. Wengine walipelekwa kusomea sheria na uchumi wakarudi na maneno. Mimi nilirudi na diploma ya ukarabati wa ndani ya majengo ya kale, na kwa jinsi ninavyojua, katika mkoa wote nilikuwa peke yangu. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo.

Nilijenga nyumba Nshambya, nikamleta mama akae nami. Nilikuwa na sehemu tatu za kuchagua kufanyia kazi. Mbili zilikuwa Dar es Salaam, kwenye ofisi zenye feni. Ya tatu ilikuwa ukumbi wa Muleba. Chuo kilikuwa kimechukuliwa na serikali, kikikusudiwa kuwa cha walimu wa ngazi ya juu, chini ya uangalizi wa chuo kikuu, na ukumbi wake ulikuwa umeharibika. Nilimwuliza afisa aliyenipa habari hizo ni nani anakiongoza. Akanitajia jina.

"Ni kaimu tu," akasema. "Ukumbi ukikamilika atakuja mgeni rasmi kuufungua, na siku hiyo hiyo atatangaza kama jamaa anathibitishwa kuwa mkuu au la. Hana kingine anachokitamani duniani."

Nikamwambia naichukua kazi ya Muleba.

Mama aliposikia, aliacha kumenya ndizi. "Yule yule?"

"Yule yule, mae."

Akaendelea kumenya. "Basi uende ukafanye kazi nzuri," akasema.

Kaimu hakunitambua. Alikuwa amenenepa, ameanza kuota mvi masikioni, anavaa suti ya mikono mifupi kama viongozi wote wa siku zile, lakini namna ya kusimama ilikuwa ile ile, kidevu juu, kama anasubiri watu wainuke. Walimu wake walimwita mwalimu mkuu ingawa hakuwa. Wafanyakazi wa jikoni na bustanini walimwita waitu. Mimi nilimpa mkono nikasema:

"Habari za kazi, Ndugu Kaimu."

Alinitazama. Ilikuwa ni zama za ujamaa, sote tulikuwa ndugu, kwa hiyo hakuwa na la kunikosoa. Lakini neno kaimu lilimwingia kama mwiba, niliona.

"Wewe ndiye mtaalamu kutoka Ulaya?"

"Ndiye. Na diploma yangu nimekuja nayo, kama Ndugu Kaimu angependa kuiona."

"Hapana haja," akasema.

"Ni haki yako kuiona," nikasema, nikaitoa kwenye mkoba nikaitandaza juu ya meza yake, na akalazimika kuitazama.

Alinitambua baadaye, niliposema kijiji nilikotoka. Nilitegemea aone haya. Badala yake alifurahi. Alinishika bega mbele ya walimu wake. "Kumbe ni mtoto wa nyumbani," akawaambia. "Baba yake alikuwa mtu wetu. Mtu mpole sana. Huyu tumemlea sisi." Nilitabasamu, nikamwacha aendelee kunishika bega. Kama angeomba radhi siku ile, hata kwa nusu ya neno, sijui ningefanya nini. Hakuomba. Alikuwa amesahau kabisa, na hilo ndilo lililonitia nguvu ya kufanya kazi.

Ukumbi niliukuta katika hali ya kusikitisha. Popo walikuwa wamehamia darini. Watu waliokuwa na haraka walikuwa wameziba nyufa za kuta kwa saruji, na saruji juu ya ukuta wa matofali mabichi na chokaa huzuia unyevu kutoka, kwa hiyo lipu yote ya chini ilikuwa imeumuka na kuanguka kama ganda la kidonda. Mtu fulani alikuwa amepaka kuta rangi ya mafuta, ya kijani. Sakafu ilikuwa imefunikwa kwa tabaka la polishi nyekundu ile ya nyumba za Wazungu, tabaka juu ya tabaka, mpaka huwezi kujua chini yake ni ubao au udongo.

Nilikuwa na mafundi wachache. Mkubwa wao alikuwa seremala wa Kitendaguro, mtu wa mdomo, ambaye tangu siku ya kwanza aliniita Bwana Diploma na hakuacha.

"Bwana Diploma," aliniuliza siku tulipoanza kubandua saruji, "huko Uswidi walikufundisha kubomoa kwa miaka mingapi?"

"Mwaka wa kwanza wote ni kubomoa."

"Ningekufundisha mimi bure."

Lakini alikuwa fundi, na tulielewana. Tulibandua, tulikausha. Chokaa tuliiloweka kwenye shimo tukaiacha mpaka ilainike kama jibini, na watu wakasema tunachezea wakati. Nilipiga lipu mwenyewe kwenye ukuta wa mbele, tabaka tatu nyembamba, nikausugua kwa chupa mpaka ukarudi ule weupe unaoteleza. Dari niliisafisha ubao kwa ubao nikiwa nimelala chali juu ya kiunzi, pale pale juu ya mahali nilipokaa siku ya usaili. Mkaguzi aliyeletwa kutoka Dar es Salaam aliingia, akatazama juu, akavua miwani akaifuta, akatazama tena. Akaniuliza nani alifanya. Nikamwambia.

Sakafu tuliiacha mwisho. Polishi nyekundu haitoki kwa maji wala kwa msasa. Inatoka kwa kukwanguliwa na kipande cha kioo, umepiga magoti, unavuta kuja kwako, kidogo kidogo. Chini yake mvule ulikuwa mzima, rangi ya asali. Tulipomaliza tuliunywesha mafuta ya kitani ya moto, tabaka baada ya tabaka. Kwa hali ya hewa ya kwetu, na ule unyevu wa ziwa, mafuta hayo hayakauki upesi. Juu yanaonekana makavu, kumbe ndani ubao bado unakunywa. Katika kipindi hicho viatu vinavumilika. Maji hayavumiliki hata kidogo, kwa sababu chochote kibichi kinachowekwa juu yake kinang'ang'ania na kuacha utomvu wake ndani ya ubao.

Nililieleza hilo siku ya mafuta ya mwisho, mlangoni, mbele ya walimu wote, wanafunzi, na Ndugu Kaimu mwenyewe. "Mnaweza kuingia kwa miguu," nikasema. "Lakini kitu chochote kibichi, kitu chochote chenye maji, kisiguse sakafu hii mpaka niseme mimi." Seremala akarudia kwa Kihaya kwa ajili ya watu wa bustani. Kila mtu alisikia.

Kisha ikaja habari kwamba mgeni rasmi angefika mapema kuliko ilivyopangwa. Alikuwa mtu mzito wa chama na serikali, na ilijulikana kwamba hakuwapenda watu wanaoringia nasaba zao. Kaimu akaanza kukimbia huku na huku. Akaandaa kwaya, akapanga viti, akajaribu hotuba yake ya kushukuru kuthibitishwa mpaka wapishi wakaijua. Alizungumza nami kwa upole sana siku hizo. Aliniambia akishathibitishwa kuna majengo mengine ya chuo yatakayohitaji mkono wangu, na kwamba hatamsahau mtoto wa nyumbani.

Asubuhi ya siku ya sherehe, seremala alinikuta nikinywa chai.

"Bwana Diploma, kuna msafara unapanda kilima."

"Msafara wa nini?"

"Wa nyasi."

Nilitoka barazani. Walikuwa wanaume na wanawake kiasi, wanapanda wakifuatana, kila mmoja na mzigo wa nyasi mbichi kichwani, zimelowa umande hadi zinadondosha maji mabegani mwao. Baadhi niliwafahamu. Walikuwa watu wa kijijini kwetu, watoto wa waliokuwa watwarwa pamoja na baba. Nyarubanja ilikuwa imefutwa, ardhi ilikuwa yao, hakuna aliyekuwa na amri juu yao. Lakini mtoto wa mkubwa alikuwa ametuma neno kwamba anategemea mgeni, nao walikwenda rweya wakakata.

Naelewa alivyofikiri, na hili hata leo hunichekesha. Mtu aliyesoma vile, aliyesikia kwa masikio yake onyo langu, hakuona kwamba nyasi ni kitu kibichi. Kwake nyasi zilikuwa heshima. Mgeni mkubwa kuliko wote maishani mwake anakuja, aingie kwenye sakafu tupu? Mhaya wa ukoo wake asingeweza kulibeba wazo hilo kichwani.

Seremala alinikazia macho. "Utawazuia?"

Ufunguo wa ukumbi ulikuwa mfukoni mwangu. Nilishuka mpaka mlangoni, na Kaimu alikuwa ameshafika, anawapanga watu na mizigo yao.

"Lete ufunguo," akaniambia. Kisha, kabla sijafungua mdomo: "Najua utasema mambo ya Uswidi. Mambo ya heshima ya nyumbani hukufundishwa huko. Hapa ndipo utakapotuachia wenyewe."

Nilimtazama yule mama aliyekuwa mbele ya msafara, mwanamke wa umri wa mama yangu, maji ya umande yanamtiririka shingoni.

"Ukumbi ni wako, Ndugu Kaimu," nikasema, nikampa ufunguo mkononi.

Seremala alinifuata nyuma, akashindwa kujizuia. "Na sakafu yetu?"

"Nenda kanywe chai," nikamwambia.

Watu wema wameniuliza tangu wakati ule kama moyo haukuniuma, kazi ya miezi, mikono ya mafundi wangu. Nawajibu kwamba uliniuma, na kwamba ningefanya tena.

Mgeni rasmi alifika na magari yake. Kwaya ikaimba, ukumbi ukajaa, na pale mbele, kutoka mlangoni mpaka jukwaani, nyasi zilikuwa zimetandazwa nene na kijani, zikinukia vizuri kweli. Kaimu alimtangulia mgeni kwa hatua fupi fupi za heshima. Mgeni alipofika katikati alisimama. Aliinua mguu mmoja, na nyasi zikainuka pamoja na soli, zikaachia kwa sauti ya kitu kinachobanduliwa. Akatazama chini. Mahali zilipotoka palikuwa na doa, kijani karibu na nyeusi, lenye umbo la kila jani.

"Nyasi hizi ni za nini?" akauliza.

"Ni desturi ya kwetu, mheshimiwa," Kaimu akasema. "Kumheshimu mgeni."

"Desturi nzuri. Nani alizikata?"

"Wananchi."

"Wananchi gani?"

Kaimu akageuka kama anatafuta msaada. Waliozikata walikuwa nje, wamesimama madirishani, kwa sababu viti havikuwatosha.

"Wananchi wa… wa upande wa kwetu."

Mgeni akawageukia watu wa madirishani, akauliza kwa sauti ya kawaida tu kama walijitolea au vipi. Walitazamana. Yule mama wa mbele ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha taabu, wala hakuwa na ubaya wowote moyoni:

"Tuliitwa, waitu. Kama zamani."

Ukumbi wote ulisikia. Mgeni alimtazama Kaimu kuanzia viatu hadi kichwani. Kisha akauliza ni nani mtaalamu wa jengo hili, nami nikasimama.

"Sakafu hii imeharibika, Ndugu?"

"Imeharibika, Ndugu."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia wote, mlangoni pale. Hata Ndugu Kaimu alikuwepo."

Hakuna aliyenipinga, kwa sababu ilikuwa kweli. Mgeni alihutubia kwa ufupi. Alisifu dari. Alisifu kuta. Alizungumza kwa kirefu zaidi juu ya watu ambao miili yao imeingia katika Tanzania mpya na vichwa vimebaki kwa mababu zao. Juu ya kuthibitishwa kwa mtu yeyote hakusema neno, na hotuba ya shukrani ikabaki mfukoni mwa mwenyewe. Nilimsindikiza mgeni mpaka garini. Akiwa ameshaketi, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mkuu mwingine ataletwa kutoka Mwanza, na akaniomba nisilitangaze mpaka barua ifike.

Sikulitangaza.

Jioni Kaimu alinifuata ukumbini. Watu walikuwa wameshazoa nyasi walizoweza, na sakafu ilikuwa kama ngozi ya mnyama mgonjwa, mabaka kwa mabaka.

"Ungeniambia asubuhi," akasema.

"Nilikuambia siku ya mafuta."

"Asubuhi hukuniambia."

"Asubuhi uliniambia ninyamaze."

Alizunguka kidogo, mikono nyuma. Kisha akanijia karibu. "Mgeni hajasema hapana," akaniambia. "Umesikia akisema hapana? Ataandikiwa ripoti. Sakafu ikirudi kama ilivyokuwa, na wewe ukaandika kwamba imerudi, jambo hili litakwisha. Inaweza kuokolewa?"

"Inaweza."

"Kwa namna gani?"

Nilimwonyesha boksi la vipande vya kioo. Nikamweleza kwamba inabidi ikwanguliwe yote, kwa mkono, na mafundi wangu hawatoshi. Wanafunzi wataiharibu zaidi. Nahitaji mtu mzima anayejali.

Alinielewa. Alisimama pale kwa muda mrefu, kidevu juu. Kisha akavua lile koti lake la mikono mifupi, akabaki na fulana, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akachukua kipande cha kioo, na akapiga magoti.

Nilimwacha akwangue mpaka kazi ilipokwisha. Kila asubuhi alikuja kabla ya mafundi. Walimu walipita madirishani wakajifanya hawaoni. Wafanyakazi wa jikoni walikuja kutazama kwa zamu. Mwanzo alikuwa anakwaruza ovyo, nikamfundisha: uvute kuja kwako, waitu, usisukume. Nilimwita waitu siku zote hizo, kwa adabu, naye hakujua afanyeje na heshima hiyo akiwa kule chini. Seremala, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, alifanya kazi kimya kabisa. Siku moja tu alininong'oneza, "Bwana Diploma, barua ikija na jina lingine?"

"Itakuja," nikasema.

Alinitazama, akaelewa kwamba nilikuwa najua, akarudi kwenye kona yake.

Barua ililetwa na tarishi tukiwa tunamalizia ubao wa mwisho chini ya jukwaa. Kaimu aliisoma hapo hapo alipokuwa, na magoti yake hayajaondoka sakafuni. Alikuwa amepangiwa shule ya msingi mbali, upande wa Biharamulo, kama mwalimu wa kawaida. Aliikunja. Akaniinulia macho, nami sikugeuza yangu. Nadhani ni wakati huo alipokumbuka, kwa sababu alitazama mahali pale aliposimama zamani, akatazama magoti yake, na midomo yake ikaanza kusema kitu.

"Umebakiza ubao mmoja, waitu," nikamwambia.

Akaumaliza. Lazima niseme kwamba aliumaliza vizuri.

Sakafu ilipokauka kweli kweli, nilimchukua mama kutoka Nshambya, tukapanda basi la Muleba. Mama yangu ni mtu aliyevua viatu mlangoni pa kila nyumba aliyoingia maishani mwake, hata ofisini, hata dukani kwa Mwarabu, mpaka nikachoka kumkataza. Nilimfungulia mlango wa ukumbi. Alisimama kizingitini akatazama dari, kuta, kisha zile mbao za rangi ya asali.

"Baba yako alikuwa wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha.

"Na yule?"

Nikamwonyesha, kuanzia mlangoni mpaka chini ya jukwaa, sehemu yote aliyokwangua.

Mama akajifunga khanga vizuri kiunoni. Akaingia na viatu vyake, akatembea taratibu katikati ya sakafu, mpaka mwisho, akageuka, akarudi.